Marubani vijana wazipate wapi saa za kuruka?



Naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze jambo linalowagusa wazazi wachache, lakini ambalo ni hasara kwa taifa zima.

Mwanangu ni rubani. Leseni ya urubani wa biashara anayo, na alirudi nayo hapa Sumbawanga miaka miwili iliyopita baada ya kusoma nje ya nchi. Ili aipate niliuza ng'ombe wangu wa kulimia na sehemu ya shamba la mahindi. Leo anashinda kwenye mashine ya kusaga ya shemeji yangu. Watoto wa mtaani humwita Kepteni, naye huwachekea, ingawa mimi babaye najua hacheki.

Kinachomkwamisha ni saa. Leseni hiyo hutolewa kwa mtu aliyeruka saa 200, au 150 kama amesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Kampuni ya kwanza aliyoiendea ilimwambia alete saa 500. Ya pili haikumjibu kabisa. Nikapiga hesabu: akikodi ndege ya mafunzo saa moja kila wiki, hizo 300 zilizobaki atazimaliza baada ya karibu miaka sita. Na ng'ombe wamekwisha.

Sisemi abiria wakabidhiwe wanagenzi. Sote tunaikumbuka ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, ambamo watu 19 walipoteza maisha, na hakuna anayetaka usalama uchezewe. Ninachouliza wahusika ni hiki: kama kila mwajiri anataka uzoefu, nani atautoa?

Zamani jambo hili lilifikiriwa kwa pamoja. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, na shirika la ndege la pamoja lilikuwapo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kilibaki Uganda, nasi tukaanzisha Air Tanzania. Ethiopia wao wana chuo ndani ya shirika lao lenyewe. Kijana akifuzu, huendelezwa mpaka akae kiti cha rubani msaidizi katika ndege za shirika hilohilo.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege nyingi, kuanzia zile za mapangaboi hadi Boeing 787 iliyofika mwaka 2018. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji nacho kimepata ndege za kufundishia. Ni mambo ya kujivunia. Lakini chuo kikitoa marubani wa saa 200 bila kuwapo mahali pa kuzipata saa nyingine, tutakuwa tumeongeza tu idadi ya Makepteni wa mashine za kusaga.

Huku Ufipa fahali mchanga hafungwi nira peke yake. Tunamfunga na mzee anayeujua mtaro, msimu mmoja au miwili, ndipo naye hufundisha mwingine. Ndege ndogo za injini moja ziendazo mbugani na visiwani, kama Cessna Caravan, zinaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Basi kijana angekaa kiti cha kulia. Tatizo ni kwamba, kama ndege haihitaji marubani wawili, saa za huyo wa pili hazihesabiwi. Ila kanuni za kimataifa zimeacha mlango: nchi ikiagiza kuwa safari fulani lazima iwe na rubani msaidizi, basi hadi nusu ya saa zake zinaweza kuhesabiwa kuelekea leseni ya juu. Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iutumie mlango huo, walau kwa safari za viwanja vya vumbi na vya miinuko, ambako macho ya watu wawili ni bora kuliko ya mmoja.

Kampuni zitasema kiti hicho ni cha abiria anayelipa. Ni kweli, nami sitaki kampuni ife kwa ajili ya mwanangu. Ndiyo maana Serikali ichangie, kwa kupunguza tozo za kutua kwa ndege iliyobeba kijana wa Kitanzania anayejifunza. Na kijana naye atie sahihi mkataba wa kuitumikia kampuni hiyo miaka mitatu, asije akapata saa zake akatimkia Uarabuni. Wangu yuko tayari kusaini hata kesho.

Uwanja wetu wa Sumbawanga uliwekwa katika mpango wa kujengwa upya pamoja na vya Tabora, Kigoma na Shinyanga. Nilimpeleka mwanangu kuutazama. Alisimama kwenye uzio muda mrefu, akaniambia kwamba juu hapa hewa ni nyepesi, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Sikuwa nalijua hilo.

Cheti chake cha afya ya urubani kinakwisha mwezi Machi. Kupimwa upya ni safari ya basi mpaka Dar es Salaam, kwenda na kurudi, na ada ya daktari juu yake. Nimeanza kuweka akiba ya nauli.

Mzazi,
Sumbawanga, Rukwa.