Mlinzi Aliyefanywa Pambo

Majuzi nilialikwa chakula cha jioni kwa jamaa yangu aliyerejea kutoka Japani. Juu ya kabati, kando ya televisheni, aliketi mnyama wa udongo: kichwa cha simba, kiwiliwili cha mbwa, kinywa wazi. Nikamuuliza, "Na mwenzake yu wapi?" Akacheka, akasema mizigo ya ndege haikuwa na nafasi ya wawili.

Nilimhukumu moyoni, kwani kwenye malango ya mahekalu ya dini ya Shinto wanyama hawa hukaa wawili wawili. Huitwa komainu, yaani mbwa wa Korea, kwa kuwa walifika Japani kutoka bara kwa njia ya huko. Mmoja huachama na mwenziwe hufumba kinywa. Yule hutamka "a", huyu "un", sauti ya kwanza na ya mwisho, mwanzo na kikomo cha mambo yote. Jamaa yangu, nikawaza, kanunua nusu ya neno.

Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa na haraka. Mnyama wake ni wa Okinawa, visiwa vya kusini, ambako huitwa shisa. Huko raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuezeka kwa vigae hadi mwaka wa 1889. Marufuku hayo yalipoondolewa, waezekaji walichukua vipande vya vigae vilivyosalia, wakavishikanisha kwa chokaa na kumfinyangia mwenye nyumba shisa wa kuweka paani. Mara nyingi huyo huwa peke yake, wala hana upungufu. Basi wanaonung'unika kwamba kumweka nyumbani ni kumvunjia heshima, siafikiani nao hata kidogo. Makabwela wa Okinawa walimweka nyumbani kabla yetu.

Linalonikera ni jingine. Katika kijiji cha Tomori yupo shisa wa mawe aliyesimamishwa mwaka wa 1689. Kijiji kiliandamwa na moto, na mjuzi wa mambo hayo akashauri mnyama awekwe akiukabili mlima wa Yaese, ulioaminika kuuleta. Mwaka wa 1945, katika vita vilivyoangamiza maelfu kwa maelfu ya wenyeji, askari wa Marekani walijikinga nyuma yake, na matundu ya risasi yangali mwilini mwake. Naye angali ameukazia macho mlima ule ule.

Hiyo ndiyo kazi yake, kutazama kule hatari inakotoka. Wa jamaa yangu amekabidhiwa kulinda makochi.

Nilimweleza hayo yote, akanisikiliza kwa adabu. Amekubali kumhamishia kwenye nguzo ya lango, uso barabarani. Ila aliniuliza, wezi wakija usiku wakamchukua mlinzi mwenyewe, itakuwaje? Sikuwa na jibu.