Mlango wa Nakshi Hautaki Vanishi

Mtu akipita katika vichochoro vya Lamu au vya Mji wa Kale Mombasa, hakosi kuona mlango wa nakshi uliopakwa vanishi, umemeremeta kama sinia jipya. Wapita njia husimama wakausifu, na mwenye nyumba akaona fahari. Mimi sioni fahari yoyote. Naona kwamba vanishi ile, kwa mlango wa nje uliochongwa, ni adui aliyejivika nguo za rafiki.

Kwanza na tuulizane, ndugu wasomaji: mbao za nje huharibiwa na nini? Wengi watajibu kuwa ni mvua. Lakini mvua haifanyi kazi peke yake. Jua nalo lina miale isiyoonekana kwa macho, ambayo huivunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Ndiyo sababu ubao ulioachwa uani hugeuka rangi ya kijivu. Sasa vanishi isiyo na rangi ni mfano wa kioo: maji huyazuia, lakini jua hupenya. Mti huendelea kuungua chini ya ule utando, tena hutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi, mpaka utando ukapasuka. Maji yaingiapo ufani hayapati njia ya kutoka upesi, na vanishi huanza kubanduka magamba.

Hapo ndipo hasara yenyewe huanza. Vanishi iliyobanduka haifunikwi kwa nyingine. Sharti ya zamani iondolewe. Kama ni meza, fundi atapitisha msasa na kazi itakwisha. Je, kama ni mlango wenye maua, minyororo na majani yaliyochongwa tangu miimo hata mfaa? Itambidi akwangue ndani ya kila ua na kila jani, na kila akwanguapo, nakshi kidogo huondoka pamoja na vanishi. Mbambakofi iliyoshinda mchwa na chumvi ya bahari kwa miaka mingi huja ikashindwa na msasa wa mtu aliyekusudia kuitunza!

Wazee wetu waliijua siri ya mti. Usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi, sehemu yake iliyo juu ya maji ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Sifa haikufanya utando mgumu wa kubanduka. Iliingia mtini, na ilipopungua, nyingine ilipakwa juu yake pasipo kukwangua kitu. Na kwa nyumba, walioijenga Lamu ya mawe waliuweka mlango ndani ya daka, chini ya kivuli. Kinga ya kwanza ya mlango haikutoka koponi. Ilitoka kwa mjenzi.

Sisemi leo tupake sifa milangoni, tukawafukuza wageni kwa harufu. Madukani kuna mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo huingia mtini yakakauka. Mlango usafishwe kwa brashi laini, uachwe ukauke barabara, kisha upakwe mafuta kidogo kidogo, na yanayobaki juu yafutwe kwa kitambaa, kwani mafuta yakiachwa mengi hunata vumbi na kuotesha ukungu. Zile ncha za mbao zilizokatwa, hasa chini karibu na kizingiti, ndizo zinywazo maji zaidi. Zipewe mafuta zaidi. Na vitambaa vilivyotumika visirundikwe pembeni, maana mafuta haya yakikauka hutoa joto, na rundo laweza kuwaka moto lenyewe. Vitandazwe nje au vitiwe majini.

Mafuta ya nazi hayafai kazi hii kwa kuwa hayakauki. Na ile oili chafu ya magari ambayo wengine huipenda kwa sababu ni rahisi, hiyo ni sumu kwa ngozi na kwa udongo. Isikaribie mlango ambao watoto huushika kila siku.

Najua nitakavyojibiwa: mafuta hayadumu, huenda yakahitaji kurudiwa kila mwaka. Ni kweli. Lakini kuyarudia ni kazi ya asubuhi moja na kitambaa. Kuondoa vanishi ni kazi ya siku nyingi, na nakshi ikishakwanguliwa hairudi. Tena sina ugomvi na lango la mbao tupu au benchi la bustanini. Hayo yapakwe rangi nzito, ambayo huzuia jua kuliko vanishi, na siku ya kukwanguliwa hayana nakshi ya kupoteza.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Heshima hiyo ni kubwa, ila UNESCO haitakuja kutupangusia milango. Kwa hiyo mwenye mlango uliokwisha kupakwa vanishi asikimbilie msasa. Amtafute kwanza fundi aliyezoea kazi za kale, amwonyeshe. Na yule ambaye mlango wake bado haujaguswa, basi akienda dukani aliache kopo la vanishi palepale lilipo, anunue mafuta.