Kimo Kutoka Wapi?

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa juu ya nishati tuli ya kitu kilichoinuliwa, hujibu upesi: tungamo mara mchapuko wa graviti mara kimo. Jibu hilo si kosa. Lakini ni wachache wanaouliza kimo hicho kimepimwa kutoka wapi, na hapo ndipo penye fizikia.

Ichukuliwe nazi ya kilo 1.5 iliyo meta 12 juu ya ardhi. Ikipimwa kutoka ardhini, nishati yake ni jouli 176.4. Kando ya mnazi huo pana kisima kikavu (kikavu, maana nazi huelea) chenye kina cha meta 8. Ikipimwa kutoka chini ya kisima, nazi ile ile, ambayo haijatikisika hata kidogo, ina jouli 294! Majibu yote mawili ni sahihi. Ikitumbukia kisimani, kipimo cha kwanza huipa jouli hasi 117.6, na cha pili sifuri. Ila nishati iliyopungua ni jouli 294 kwa vyovyote vile.

Basi mwalimu amnyimaye alama mwanafunzi aliyechagua sifuri yake mahali pengine na kupataja, hali swali halikuweka sharti, anamfundisha kukariri tu.

Kanuni yenyewe nayo ina mipaka. Kileleni mwa Kilimanjaro, meta 5,895 juu ya usawa wa bahari, hukosea kwa chini ya sehemu moja katika 1,000. Kwa setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, jibu lake hupita mara sita lile la kweli, kwa kuwa mvutano wa dunia hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali nayo.