Dhoruba ikibomoa nyumba, usimtumie fundi pesa yote

Kila mara mvua kubwa na upepo zikipita Balambala, swali linalotufikia ni lile lile: "Nilimtumia fundi pesa, hajakuja, na sasa simu yake imezimwa. Mnaweza kunirudishia?" Jibu letu, na tunajua halipendezi, mara nyingi ni hapana. Kurudisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo yenyewe. Wewe uliandika namba sahihi, jina la fundi likatokea, ukaweka PIN. Kwa upande wa mfumo, kila kitu kilienda sawa. Ubishi uliobaki ni wa kazi, na sisi hatuna mamlaka ya kuuamua.

Kwa hivyo kinga yako iko kabla ya kubonyeza tuma. Maoni yetu ni haya: fundi asishike pesa ya vifaa. Mlipe pesa ya mikono yake tu, tena kwa awamu.

Wengi wenu mnaolipia ukarabati hamko nyumbani. Uko Eastleigh, au Garissa mjini, au Dubai, na mama yuko Danyere au Saka, mabati ya nyumba yake yamelala kwenye shamba la jirani. Abti anapiga simu: kuna fundi mzuri, lakini anataka elfu arobaini leo jioni, kesho ataenda kazi nyingine. Nani atabisha, na mama amelala nje? Huruma hiyo ndiyo inayotumiwa na matapeli, na hata fundi mwaminifu anaweza kuishia kutumia pesa yako kumaliza kazi ya mteja wa juzi.

Tuseme kati ya hizo 40,000, vifaa ni 28,000 na ufundi ni 12,000. Zile 28,000 zilipe mwenyewe kwa namba ya till ya duka la vifaa, na risiti ije kwako kwa WhatsApp. Hakikisha imeandikwa geji ya mabati. Ukiwa hujui, namba ikizidi kuwa kubwa bati linazidi kuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Fundi aliyepewa pesa taslimu anaweza kukuandikia 28 na kununua 32, nawe hutajua mpaka upepo mwingine uje. Ulizia pia kama bei ya duka ina usafiri ndani yake, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Halafu tuwe waungwana. Si kila bei inayopanda ni wizi. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, maji yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, na bidhaa zikakwama. Bei uliyopewa kabla ya mafuriko haiwezi kukaa vile vile wakati lori halipiti. Kubaliana na duka bei hiyo inadumu siku ngapi.

Zile 12,000 za ufundi zigawe: kidogo akifika na vyombo vyake, kiasi kikubwa mbao zikishasimama na kupigiliwa, baki akimaliza. Kuna watu hushikilia baki mpaka mvua ya kwanza inyeshe waone kama paa linavuja. Hatukubaliani nao. Mvua ya huku inaweza kukawia miezi, na fundi ana watoto. Weka tarehe, tuseme wiki moja baada ya kazi, mtu wako aikague, ulipe. Mafundi nao huhepwa na wateja, hata kama sisi tunasikia zaidi kilio cha wateja.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Nyumba nyingi zinazoangushwa na upepo huku si za mabati. Ni aqal, ile nyumba ya Kisomali ya miti iliyopindwa na mikeka, inayofunguliwa na kubebwa juu ya ngamia familia ikihama. Wanaojua kuisimamisha ni kina mama. Wanajua mti upi ukipindwa hauvunjiki, na kusuka mikeka mipya ni kazi ya muda mrefu, si ya siku mbili. Lakini pesa ya ukarabati ikitumwa utasikia imeenda kwa mwanaume wa boma, ambaye ananunua turubai, na waliofanya kazi wanaambiwa ahsante. Sisi tunasema: hawa ni mafundi kamili. Patana nao bei kama unavyopatana na fundi wa mabati, na utume kwa namba ya mama mwenyewe aliyefanya kazi. Kama hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, huu ndio wakati wa kumsaidia aipate.

Utaambiwa pia uulize kama fundi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kwa shule au jengo la biashara, uliza kabisa. Kwa paa la nyumba ya mama kijijini, tungetaka kwanza kujua nyumba tatu alizoezeka kabla ya mvua iliyopita, na mtu wa kwenda kuzitazama. Huyo mtu mpe nauli na kredito, hata kama ni binamu. Ukaguzi wa bure hufanywa kwa simu kutoka kwenye kibanda cha chai.

Makubaliano yaandikeni, hata kwa ujumbe wa simu: kazi gani, siku ngapi, kiasi gani, lini. Ukiweka huo pamoja na ujumbe wa malipo, una kitu cha kuweka mbele ya wazee siku ya maslaha. Ikishindikana huko, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Usifute zile jumbe.

Na kama mtandao unasumbua baada ya dhoruba na ujumbe wa kuthibitisha haujaja, usitume tena kwa haraka. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua, pesa imetoka. Mwambie fundi asubiri ujumbe wake, au apige huduma kwa wateja akiwa na namba aliyosajiliwa nayo.