Ukimkopesha ndugu, mwambie. Ukimpa, mwambie pia

Mwezi wa Agosti mwaka 2020, vyuo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, mdogo wangu aliniomba tuonane katikati ya jiji. Tulikutana katika mkahawa mmoja karibu na bustani ya Jeevanjee. Alikuwa amevaa suti, jambo lililonishtua, kwani nilijua kampuni ya matangazo alikokuwa karani ilikuwa imemfuta kazi pamoja na wenziwe miezi mitatu kabla. Aliagiza chai isiyo na kitafunio. Tukazungumza juu ya mvua, juu ya mama, juu ya bei ya barakoa. Chai ilipokwisha kupoa ndipo aliponiambia, "Kaka, nikopeshe elfu sitini. Nitakurudishia Disemba."

Nilijua kwamba Disemba ingefika na fedha zisifike. Naye alijua. Hata hivyo nilijibu, "Sawa, nitakukopesha." Kila mmoja wetu alilitumia neno hilo kwa kumsitiri mwenziwe: yeye asionekane ombaomba, nami nisionekane mtoa sadaka. Muda wa miaka mitatu iliyofuata, adabu hiyo ilitugharimu undugu.

Msomaji atanisamehe nikiingilia kidogo mambo ya ufundi wangu, kwa kuwa mshahara ninaolipwa naupata kwa kuchambua maneno. Kitenzi "kopesha" kimetokana na "kopa" kwa kuongezewa kiambishi cha kutendesha. Tukikifasiri kwa viungo vyake, anayekopesha ni yule anayemfanya mwenziwe awe mkopaji. Tena "kopa" yenyewe haikuwa na sifa njema tangu zamani. Kamusi za kale zinaipa maana mbili zinazokaa pamoja bila ya aibu: kuchukua mali kwa ahadi ya kulipa, na kulaghai. Wahenga hawakuona mbali sana baina ya mambo hayo mawili, na ndio waliotuachia methali kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga.

Kitenzi "pa" ni kigeni kabisa kwa tabia. Hakikubali kusimama bila ya kumtaja anayepokea. Mtu anaweza kusema "nimekopesha" akanyamaza, na sentensi ikakamilika; kila mwenye riba husema hivyo. Lakini hakuna Mswahili anayesema "nimepa". Husema nimempa, nimewapa, nimekupa. Lazima awepo mtu ndani ya kitenzi hicho. Nimewafundisha wanafunzi kanuni hiyo ya sarufi kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwahi kuifikiria nje ya ubao.

Basi Disemba ilifika. Mdogo wangu hakuja nyumbani kwangu Uthiru kwa Krismasi, ilhali yeye anakaa Kangemi, mwendo wa dakika chache kwa matatu. Alituma ujumbe kwamba mtoto ana homa. Pasaka mtoto alikuwa na homa tena. Mama alipougua na tukaitwa nyumbani wote, alifika usiku baada ya mimi kulala na akaondoka alfajiri kabla sijaamka. Mke wangu ndiye aliyetambua kwanza. "Shemeji anakukimbia," aliniambia. Nilikana.

Nami pia sikuwa mwema. Ni lazima niungame hapa jambo ambalo wakopeshaji wa jamaa hawapendi kuliungama: nilianza kupenda kudai. Sikumdai kwa mdomo, la hasha. Mimi ni mtu msomi. Nilimdai kwa macho. Nilipoona picha yake amevaa viatu vipya, nilivitia bei. Niliposikia amempeleka mkewe kula nyama Jumapili, nilipiga hesabu ya kilo. Elfu sitini zilikuwa zimeninunulia haki ya kukagua maisha ya mtu mzima.

Siku moja mwaka 2021, nikiwa nasahihisha mitihani, simu ililia. Msichana asiyejitambulisha aliniuliza kama ninamfahamu fulani, akataja majina yote matatu ya ndugu yangu. Kisha akaniamuru nimwambie alipe, la sivyo jamaa wote watajua yeye ni mwizi. Ndivyo nilivyopata habari kwamba alikuwa amekopa kwa njia ya simu, kutoka kwa kampuni zaidi ya moja, akikopa huku ili alipe kule. Programu hizo zilikuwa zikisoma orodha ya namba zilizomo katika simu ya mteja, na mteja alipochelewa, walipigiwa mama mkwe, mwajiri na mchungaji. Kanuni zilizotolewa chini ya Benki Kuu mwezi wa Machi 2022, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2021, ziliharamisha vitisho vya namna hiyo na kutumia orodha ya namba za mteja kumuaibisha. Zilikuja baada ya watu wengi kuvuliwa nguo hadharani.

Nilijiuliza swali chungu: kwa nini aliwaendea wale asinirudie mimi? Hebu tuzitazame bei. M-Shwari ilipoanzishwa mwezi wa Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Sacco nyingi za walimu na wahadhiri hutoza karibu asilimia moja kwa mwezi, tena kwa salio linalopungua. Mimi sikumtoza hata senti. Kwa hesabu ya fedha nilikuwa mkopeshaji wa bei rahisi kuliko wote jijini Nairobi. Kwa hesabu nyingine nilikuwa ghali kupita kiasi, maana kampuni ya simu haikai karibu naye mazishini.

Wako watakaoniambia kwamba dawa ni kukataa. Mawaidha hayo siku hizi yamejaa redioni na katika vitabu vinavyouzwa kando ya barabara ya Tom Mboya: jilipe kwanza, weka mipaka, usimkopeshe ndugu. Vijana wetu wameyapokea, na baadhi yao wameazima kutoka Afrika Kusini msemo wa "kodi ya weusi" kuwa jina la kile wanachowatumia wazazi na wadogo zao kila mwisho wa mwezi. Ninaelewa uchovu ulioizaa lugha hiyo. Mwalimu wa miaka 26 anayelipa karo ya wadogo watatu kabla ya kununua godoro lake mwenyewe hana makosa kulalama. Walakini neno "kodi" nalikataa. Kodi hutozwa na dola, na anayeilipa hajui jina la anayenufaika. Zaidi ya hayo, kuna sababu ya jamaa kutuomba sisi. Nchi hii haimpi posho aliyefutwa kazi. Mzee aliyetimiza umri wa miaka 70 akiandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi, na kwa bei za leo hebu mwenye kujua atuambie huzitumiaje. Bima ya Mkenya wa kawaida ni ndugu yake mwenye hati ya mshahara. Anayemshauri aikate bima hiyo aseme kwanza ataweka nini mahali pake.

Mimi mwenyewe nisingeandika makala haya lau mtu angekataa. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu miaka ya tisini, wanafunzi tayari walikuwa wanachangia gharama za masomo. Bodi ya mikopo, HELB, ilikuwa changa, imeundwa mwaka 1995, na mkopo wake haukutosha. Mjomba wangu aliuza fahali. Hakuniambia "nimekukopesha", alisema, "Kasome." Miaka mingi baadaye, nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nilimpelekea bahasha. Aliipima mkononi bila kuifungua, akaniuliza, "Kwani nani alikudai?" Kisha akaichukua, maana hakuwa mjinga, na akanunua mabati. Nimelirudia swali lile mara nyingi. Mjomba hakudai, lakini nililipa. Mimi niliyedai kwa macho sikulipwa.

Simaanishi kwamba kila fedha iwe zawadi. Mkopo baina ya ndugu ni jambo la heshima endapo ni mkopo kweli. Dini yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu imeliona hilo tangu zamani: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na karibu nayo pana agizo la kumpa muda mdaiwa aliyekwama. Kuandikiana hakuonekani kuwa ni kutoaminiana. Huku kwetu bara, ndugu akileta karatasi tunaona ametukana ukoo. Shemeji yangu mmoja, fundi wa magari Dagoretti Corner, alinikopa fedha za mashine ya kuchomelea. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa daftari: kiasi, tarehe, elfu tatu kila mwezi. Alilipa kwa miezi kumi na mitano, akaruka miwili tu, na katika miezi hiyo alinipigia simu mapema. Hatukukimbiana hata siku moja. Alikuwa na mashine inayozalisha. Mdogo wangu alikuwa na kodi ya nyumba iliyochelewa, na nyumba ya kupanga haizai. Fedha za shimo na fedha za mtaji si za aina moja, na kuziita zote "mkopo" ni uvivu wa lugha ambao matokeo yake huonekana mezani siku ya Krismasi, kiti kimoja kikiwa kitupu.

Walimu wenzangu wanaijua vyema kanuni ya theluthi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato ya mshahara kuzidi theluthi mbili, ili mfanyakazi abaki na cha kumtia tumboni. Sheria hiyo humkinga mwalimu na benki. Haimkingi na jamaa zake, wala na huruma yake mwenyewe. Ninamfahamu mwenzangu aliyechukua mkopo wa Sacco wa miezi 48 ili ampe binamu mtaji wa matatu. Matatu ilikufa mwaka wa kwanza. Binamu yuko huko aliko, na makato yangali yanaendelea. Ninamfahamu na mwingine aliyetia sahihi kuwa mdhamini kwa sababu tu alionea haya kukataa mbele ya watu. Hapo sina maneno laini: usikope ili ukopeshe, na usimdhamini mtu kwa kiasi usichoweza kukilipa mwenyewe kesho asubuhi. Nyumbani kwetu, tangu mwaka 2023, mke wangu nami huketi mwezi wa Januari na kutenga fungu la jamaa, la kwake na la kwangu, sawa kwa sawa. Likiisha mwezi wa Septemba tunasema limeisha. Hulazimika kusema kwa sauti, kwenye simu, kwa shangazi, na si rahisi. Shangazi mmoja alininunia kwa muda mrefu.

Nina neno pia kwa wanafunzi, kwa kuwa huwaona ofisini. Kila muhula huja angalau mmoja ambaye hajalipa chakula wala chumba kwa kuwa fedha za HELB zilipoingia alizituma nyumbani: paa limeezuliwa, mdogo amefukuzwa shule. Siwezi kumkemea. Lakini humwambia jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui, kwamba fedha zile ni deni lenye jina lake yeye, na litamfuata mpaka kwenye mshahara wa kwanza. Awaambie nyumbani kwamba hicho anachowatumia amekikopa. Wazazi wengi wakisikia hivyo hupunguza ombi; wengine hurudisha. Wale ambao hawafanyi lolote kati ya hayo, kijana amewajua mapema.

Nirudi kwa mdogo wangu. Mwezi wa Oktoba 2023 nilishuka matatu pale Kangemi bila kumwarifu. Mkewe alinifungulia, akastuka, akaenda kumwita. Alitoka chumbani akiwa amekwisha kutunga uso wa kueleza. Nilimkatiza. Nilimwambia kwamba zile elfu sitini nilimpa, na kwamba kosa ni langu, ningemwambia siku ile ile Jeevanjee. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Alikasirika. "Kaka, nilisema nitalipa. Unaniona mimi ni mtoto?" Tulinyamaza kwa muda. Mwanawe alikuja akakaa magotini pangu, hana homa yoyote.

Krismasi ya mwaka ule alikuja Uthiru, akachelewa, akala, akacheka na watoto. Hatukugusa habari ya fedha. Mwezi wa Februari, saa tatu usiku, simu yangu ilitoa mlio wa M-Pesa: Sh2,000, jina lake, basi. Mwezi wa Machi zikaja nyingine. Sijui kama analipa deni ambalo nilikwisha kulifuta, au kama ananipa. Sikumuuliza. Nilimwandikia kwamba zimefika, na nikamuuliza kama watakuja Jumapili.