Sauti ifike mwisho wa uwanja



Tumepokea barua kutoka Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga. Mwandishi wake ni katibu wa klabu ya vijana wapenda baiskeli. Hawashindanii fedha nyingi. Hukutana siku za mapumziko, huendesha kwenye barabara za vumbi, na mara mbili kwa mwaka huandaa mbio ambazo wake kwa waume, wazee kwa watoto, hutoka kwenda kuzitazama. Klabu imeweka akiba ya shilingi laki saba za kununulia vyombo vya sauti. Sehemu ya fedha hizo imetokana na ada za wanachama, na sehemu nyingine imetokana na maandazi na karanga ambazo mama zao wamekuwa wakiuza pembeni mwa uwanja kwa mwaka mzima.

Wanachama wamegawanyika. Vijana wanataka spika kubwa ya kuburuza, yenye magurudumu, taa za rangi na blututhi. Wakubwa wao wanataka honi, kama zile za juu ya mnara wa msikiti. Katibu anatuomba tuwe waamuzi, na ameeleza kwa nini ameshindwa kulala kwa ajili ya jambo ambalo mtu angeweza kuliona dogo. Katika mbio zilizopita mtoto wa miaka minne alimpotea mama yake. Mtangazaji alitaja jina lake na rangi ya kanzu yake kwa karibu saa nzima, kupitia spika ya kuazima. Mtoto alikuwa ameketi muda wote huo chini ya miembe, upande wa pili wa uwanja, katikati ya akina mama wauza karanga ambao hawakusikia hata neno moja. Walikuwa wakimlisha, wakidhani ni wa jirani. Aliyempata ni kijana wa bodaboda, tena kwa kubahatisha.

Basi swali si la starehe, nasi tutalijibu kwa kirefu.

Kwanza tuseme habari ya sauti yenyewe, maana hapo ndipo fedha nyingi za vikundi hupotea. Mahali pa wazi hapana ukuta wala dari ya kurudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6. Anayesimama mita 2 kutoka kwenye spika husikia pungufu ya anayesimama mita 1. Wa mita 4 pungufu zaidi. Na hivyo hivyo hadi mita 64, ambako desibeli 36 zimekwisha kupotelea hewani. Kwa upande mwingine, kuongeza wati za amplifaya mara mbili hukuongezea desibeli 3 tu. Ili sikio la mwanadamu lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo anayenunua wati peke yake anamwaga maji mchangani.

Kinachosahauliwa ni uwezo wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Spika nyingi za sanduku, zikilishwa wati 1, hutoa desibeli zinazokaribia 90 kwa aliye umbali wa mita 1. Honi nzuri, kwa wati hiyo hiyo 1, hutoa desibeli 105 hadi 110. Tupige hesabu kwa mfano. Sanduku la desibeli 90 likipewa wati 100 kamili litafikisha desibeli 110 kwa aliye karibu, na desibeli 74 tu kwa aliye mita 64. Honi ya desibeli 108 ikipewa wati 25 itamfikia mtu huyo huyo wa mita 64 kwa desibeli 86. Robo ya umeme, na sauti inayozidi kwa desibeli 12! Umati wenye kelele za kushangilia huweza kufika desibeli 70 na zaidi. Ile 74 ya sanduku inazama ndani yake, na mtoto anabaki chini ya mwembe.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1915, huko California, Marekani, Peter Jensen na Edwin Pridham walitengeneza kipaza sauti chenye honi, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alikitumia kuhutubia makumi ya maelfu ya watu katika uwanja wa San Diego, kwa umeme mdogo kuliko ule unaotumika leo katika kumbi za harusi. Walitumia honi kwa sababu umeme ulikuwa haba. Nasi wa pembezoni mwa mgodi umeme wetu uwanjani ni haba vilevile.

Vijana watatuuliza: je, maandishi ya nyuma ya spika yanayosema wati 3,000? Hapa tunakiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua spika ya namna hiyo kwa ajili ya shughuli za watoto wa madrasa, tukiwa tumevutwa na taa zake na sauti yake nzito dukani. Duka lilikuwa chumba kidogo chenye kuta nne, na spika ikatetemesha kifua. Tulipoitoa uwanjani, safu ya tano ikaanza kuulizana mzungumzaji amesema nini. Fundi alipoifungua alituonyesha kifaa cha ndani ambacho hakingeweza kutoa hata sehemu ya ishirini ya wati zilizoandikwa. Idadi hizo kubwa hupimwa kwa mshindo wa nukta moja ya sekunde, au hazipimwi kabisa. Muulizeni muuzaji wati zinazodumu, na kama hana jibu, tazameni waya wa umeme na uzito wa chombo; hayo mawili ni magumu kuyadanganya.

Hata hivyo tusiwaonee vijana. Honi ina ila yake, nayo ni kubwa. Sauti nzito haiwezi kuitoa. Kaswida yenye dufu ikipitia humo hutoka kama bati linalogongwa, na mziki wowote wenye mdundo mzito ukilazimishwa kwa sauti ya juu huchoma utando ulio ndani ya yuniti ya honi. Klabu ambayo kazi yake ni kutumbuiza ingekuwa na haki ya kuchagua sanduku. Lakini klabu ya baiskeli kazi yake ni maneno: namba ya mpanda baiskeli, muda uliobaki, onyo kwa wanaovuka njia, jina la mtoto aliyepotea. Maneno ya binadamu hueleweka kwa sauti za kati na za juu, na hizo ndizo honi inazozibeba. Siku mnapotaka kaswida ya kufungia tamasha, kodisheni masanduku kwa saa mbili.

Hukumu yetu basi iko upande wa wakubwa, lakini kwa masharti, kwa kuwa nao wakiachiwa watanunua honi nne na amplifaya kubwa, kisha fedha ziishe kabla ya kufika kwenye maiki.

Nunueni honi mbili, si nne. Zifungeni juu ya nguzo moja, mita 3 au 4 kutoka ardhini, zikitazama pande mbili. Urefu huo ni wa lazima, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti, na honi iliyo usawa wa kifua huishia kwenye migongo ya safu ya kwanza. Msizitawanye huku na huko uwanjani. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msikilizaji aliye karibu na honi moja na mita 100 zaidi kutoka kwa nyingine atasikia kila neno mara mbili, la pili likiukanyaga mkia wa la kwanza. Wengi hudhani huo ni ubovu wa chombo, wakaongeza sauti, na maneno yakazidi kuvurugika.

Amplifaya iwe ya wati 40 hadi 60 zinazodumu, na iwe na sehemu ya kuunganishia betri ya volti 12. Hili msilegeze. Chapa za Ahuja ya India na TOA ya Japani zimekuwa misikitini na mashuleni kwetu kwa miaka mingi, na mafundi wengi wamekwisha kuzoea matumbo yake. Iliyotumika lakini nzima ni bora kuliko mpya isiyo na spea. Angalieni pia namba za omu. Honi mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyokubali omu 4 itaungua mchana wa shughuli, si dukani. Ikiwa mnataka honi ya tatu mbali, kwenye kona ya kugeuzia baiskeli, basi tafuteni amplifaya yenye njia ya volti 100 na honi zenye transfoma, kwa maana waya mrefu wa kawaida hula umeme njiani.

Kuhusu betri, ile ya pikipiki ya saa-ampea 7 haitoshi. Amplifaya ya namna hii kwa matangazo ya kawaida huweza kunywa ampea 2, na betri ya risasi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu yake; mtapata chini ya saa mbili, kisha kimya. Betri ya gari ya saa-ampea 50 itawafikisha magharibi bila wasiwasi, na hiyo si lazima kuinunua: mwenye gari au mwenye sola nyumbani aiazime siku hiyo. Jenereta inaweza kusaidia, lakini wekeni mbali, la sivyo mtanunua sauti ili kushindana na kelele mliyoileta wenyewe.

Sasa maiki, ambayo kwa maoni yetu ndiyo roho ya vyombo vyote na ndiyo inayonunuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki. Chagueni ya waya, yenye kupokea sauti ya mbele tu, pamoja na waya wa mita 15 au 20 wenye viungio vya chuma. Maiki zisizo na waya za bei ndogo huahidi umbali mrefu, lakini betri zake huisha kimyakimya, na katika umati huanza kukatakata. Mvalisheni maiki sponji, kwa kuwa upepo wa kiangazi wa Shinyanga huunguruma ndani yake kama lori. Mtangazaji asimame nyuma ya honi, kamwe asipite mbele yake, la sivyo sauti itazunguka na kupiga ule mluzi unaowafanya watoto wazibe masikio. Aishike upana wa kiganja kutoka mdomoni, asikifunike kichwa chake kwa vidole kama waimbaji wa kwenye televisheni. Tena azungumze polepole, atulie kila baada ya sentensi.

Wasukuma wenyeji wa nchi hii wana historia yao katika jambo hili. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana uwanjani tangu karne ya 19, na mshindi ni yule anayeuvuta umati uje upande wake. Walianza bila betri wala waya. Wacheza ngoma wale walijua kupanga watu, kusoma upepo na kuchagua uwanja. Klabu yetu nayo kabla ya kununua chochote ingeangalia kama haiwezi kuusogeza mstari wa kumalizia karibu na ile miembe, ili akina mama wauza karanga wasiwe ng'ambo ya dunia.

Yapo mambo mawili ya ujirani. Mgodi wa Bulyanhulu huchimbwa chini ya ardhi usiku na mchana, kwa zamu. Asubuhi ile ile vijana wanapoanza mbio, kuna baba aliyetoka chini alfajiri na anajaribu kulala katika chumba chenye bati. Elekezeni honi mbali na nyumba, mkaipe serikali ya mtaa taarifa mapema, mkataje saa ya kuanza na saa ya kuzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele za mwaka 2015 zimeweka mipaka, lakini jirani hahitaji kusoma kanuni ili aumie. La pili ni masikio ya watoto. Aliye mita 1 mbele ya ile honi ya mfano wetu anapigwa na desibeli 122, wakati wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba desibeli 100 zinavumilika kwa robo saa tu. Zungusheni kamba chini ya nguzo, mita kadhaa kila upande, na mpeni mtu mzima kazi ya kuilinda.

Kuhusu mgawanyo wa zile laki saba, tunashauri nusu iende kwenye amplifaya, robo kwenye honi, na robo iliyosalia kwenye maiki, waya, nguzo na sanduku la mbao lenye kifuniko cha kuzuia vumbi. Kama bei za Kahama mjini zitakataa mgawanyo huo, punguzeni honi ibaki moja kuliko kupunguza maiki. Na kabla ya kulipa, mwombeni mwenye duka vyombo vitolewe nje barabarani. Katibu asome majina ya wanachama kwa sauti ya kawaida, na mmoja wa wale akina mama wauza karanga asimame hatua mia moja kutoka hapo, amepewa mgongo, akiyarudia majina kadiri anavyoyasikia. Akikosea matatu katika kumi, rudisheni vyombo ndani mkajaribu vingine.