Maganda ya Kindu yaende jikoni kwanza

Kwenu papa na mama, kaka na dada wa Kindu,

Huku Ulaya tunawasifia sana vijidudu vya udongoni vinavyogeuza mabaki ya matunda kuwa mafuta, na wengi wetu tunawashauri mgeuze ndizi na maembe yanayooza sokoni kuwa esansi ya pikipiki. Ninaelewa kwa nini: esansi inafika kwenu kutoka mbali, na bei inaumiza. Sayansi nayo ni ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mkemia Chaim Weizmann wa Manchester alitumia bakteria wa aina hiyo kugeuza wanga wa mahindi kuwa asetoni na butanoli, na butanoli huwaka vizuri kwenye injini. Lakini butanoli hiyohiyo ni sumu kwa bakteria wanaoitengeneza. Vimiminika vyote wanavyozalisha vikifika kama gramu 20 kwa lita, wanaacha kazi. Pipa la lita 200 linatoa basi kilo 4 hivi, na zinazobaki karibu zote ni maji ya kutenganishwa kwa moto. Moto wa nini, kama si kuni na makala? Hamira inatoa pombe nyingi zaidi, lakini mama anayepika lotoko anajua kuni zinavyokwisha. Siwezi kuunga mkono esansi inayokula msitu wa Maniema.

Wako vijidudu wengine, wa matope na mavi ya wanyama, wanaotoa metani bila chochote kuchemshwa: gesi inapanda yenyewe hadi jikoni, na joto la Kindu linawafaa. Magereza ya Rwanda yamepikia gesi ya namna hiyo, na Hale, Tanga, nchini Tanzania, mabaki ya mkonge yamezalisha umeme. Mtasema matunda yanachacha upesi na kuwaua vijidudu hao. Ni kweli, ndiyo maana tangi linalishwa kidogo kidogo, maganda yakichanganywa na mavi ya mbuzi na kuku. Mtasema pia maganda ya nyumba moja hayatoshi. Hapo mnasema kweli kabisa: familia ingehitaji kilo 15 au zaidi kila siku. Kwa hiyo tangi la kwanza lisiwe la nyumba, liwe la soko, gesi iende kwa mama wanaouza chakula palepale, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu wapime asidi kila wiki. Michango tunayokusanya huku kwa ajili ya mtambo wa esansi, naomba tuielekeze huko.